Sukari ya Paka wa Mamangu

Watu wengine hurithi mashamba ya minazi. Mimi, babangu alipofariki, nilirithi duka la mabomba na vifaa vya choo, mama mwenye kisukari, na paka ambaye marehemu mwenyewe hakuwahi kumtia machoni. Paka alikuja siku ya hitima. Paka walikuja wengi siku hiyo, maana hitima ni pilau na pilau ni nyama, lakini wenzake walikula wakaenda zao. Huyu alikula, akaitazama nyumba juu mpaka chini kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga, akaona inamfaa.

Mamangu alikuwa ameingia edani. Kwa miezi minne na siku kumi hakutoka nje wala hakuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, na muda huo wote aliyelala miguuni pake alikuwa paka dume, mwekundu, mwenye kichwa kikubwa na maringo. Hakuna shehe aliyelisemea hilo. Eda ilipokwisha, mamangu alikuwa amezoea kunena na wawili tu: Mola wake, mara tano kwa siku, na paka, saa zote zilizobaki. Mimi habari zangu nilizipata kwa kupitia paka.

"Mwambie nduguyo chai yake yapoa," alikuwa akimwambia, na ndugu mwenyewe nimekaa hapo hapo, pua yangu juu ya kikombe.

Niseme mapema nisije nikadhaniwa mtu wa huruma: sikumpenda paka yule. Nilichotaka ni mamangu aishi. Baada ya mazishi alikonda, akawa anaacha chakula, anakaa kuukodolea macho ukuta, na kitu pekee kilichomtoa kitandani asubuhi ni paka kulilia samaki. Mimi ni mwanawe wa pekee, mke nilishaachana naye, watoto wako mbali. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Paka akifa, sitakuwa na msiba wa paka peke yake.

Basi mwezi wa Rajabu paka akaanza kunywa maji. Alikunywa maji ya bakuli lake, akanywa ya kuku wa jirani, akaja kunywa kwenye birika la mamangu la kutawadhia. Alikula kama mchimba visima na bado mbavu zikahesabika. Alikojoa kila mahali ambapo mtu mwenye adabu asingekojoa, na mara mbili ndani ya viatu vyangu vya Ijumaa. Mamangu alisema ni jicho la watu. Akamwandikishia kombe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, aya za zafarani zilizooshwa sahanini kwa maji, na paka akalinywa lote mpaka akairamba sahani, jambo ambalo mamangu aliliona ni dalili ya imani. Mimi niliona ni dalili ya kiu.

Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikafunika kwa kanga, nikaenda naye kwa daktari wa mifugo. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, nina kofia ya vito kichwani, nimekumbatia kikapu kinacholia. Kwenye foleni tulikuwa sisi, kuku watatu, na mzee mmoja aliyetoka upande wa Ganze na mbuzi wake. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, ambaye ungeona wazi kuwa alisomea ng'ombe na Mungu akamletea paka. Alitoboa sikio la mgonjwa, akatia damu kwenye kimashine, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii paka iko na sukari," akasema. "Ishirini na nne. Ni mingi sana."

Yule mzee wa mbuzi akageuka mzima mzima. "Sukari? Paka?" akauliza. "Kwani huyu ana gari?"

Sikumjibu kwa sababu swali lilikuwa la haki. Kwetu sisi sukari ilianza kuwa ugonjwa wa matajiri, ikashuka kwa wenye maduka, ikaja kwa mama zetu. Kwamba sasa imefika kwa paka ni maendeleo, nadhani.

Daktari alinieleza masharti polepole, kwa Kiswahili chake cha bara, na kila alipomaliza sharti moja alinitaka nilirudie. Sindano ya insulini mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Chakula mara mbili tu, pamoja na sindano: samaki wa kuchemsha au kuku, bila wali, bila mkate, bila maziwa ya chai. Dawa ikae kwenye friji, na stima ikipotea itiwe kwenye chupa na chupa iwekwe ndani ya mtungi wa maji. Nimpime sukari kila siku na niandike. Paka asipokula nisimdunge hata kidogo, maana sukari ikishuka sana itamwua haraka kuliko ikipanda. Na asile katikati. Hilo alilisema mara tatu.

"Inakula kwa majirani?" akaniuliza.

"Hasha," nikamwambia. "Paka wangu hali kwa watu."

Nilisema kwa kiburi kana kwamba naulizwa juu ya binti yangu. Nyumba yetu ni ya heshima. Akaniagiza nijifunze kudunga kwa chungwa kwanza, na siku mbili nzima pale dukani, katikati ya koki na mabakuli ya choo, niliyadunga machungwa mpaka mteja mmoja akaniuliza kama sasa nauza na matunda.

Nyumbani nilimweleza mamangu kila kitu. Akanisikiliza, kisha akamgeukia paka.

"Umesikia? Nduguyo leo amejua kupima sukari," akamwambia. "Mimi ninayo mwaka wa kumi na moja, hajanipima hata siku moja."

Kisha akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa mashine yake mwenyewe ya kupimia, ile aliyopewa kliniki, pamoja na vijiti vyake vyote. "Mpime kwa hii," akasema. "Mimi najijua."

Nilimshukuru. Nilimsifu, tena mbele ya jirani, kwa moyo wake wa kutoa.

Kwa hivyo maisha yangu yakapangwa upya na mnyama asiyeweza hata kusema ahsante. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti jikoni, samaki kachemshwa, paka kainamia bakuli, na mimi namshika ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuingiza sindano, huku nikisoma bismillahi kwa sauti. Yeye wala hakugeuka. Ningeweza kumdunga msumari, alimradi samaki yupo. Mwenye kuumia alikuwa mimi: nilijidunga kidole mara nne wiki ya kwanza, na kama insulini hutibu upumbavu basi mimi ningekuwa nimepona. Nikimaliza paka, nilimpikia mamangu chakula chake cha mchana, wali kiasi, mboga, samaki wa mchuzi, kama kliniki ilivyoagiza, nikakifunika kwa kawa mezani, nikaenda zangu dukani. Nikirudi alasiri sahani yake ilikuwa nyeupe, haina hata punje, kama iliyorambwa. Nilifurahi mno. Nilisema, alhamdulillahi, paka anapona na mama anakula.

Na kweli alikuwa anapona. Nilikuwa na daftari la duka ambalo upande mmoja niliandika mabomba ya nusu inchi na upande wa pili sukari ya paka. Ishirini na nne ikawa kumi na tisa, ikawa kumi na tano, ikawa kumi na mbili. Alianza kunenepa. Viatu vyangu vilikauka.

Halafu Rajabu ikaelekea mwisho, na sukari ikapata wazimu. Asubuhi kumi na moja, jioni ishirini na tano. Kesho yake jioni kumi na tatu, kesho kutwa ishirini na sita. Hakukuwa na mpango wowote ninaouelewa. Niliongeza utulivu, nikabadilisha samaki, nikabadilisha upande wa kudunga. Daktari alipandisha dawa kidogo, kisha akapandisha tena, na kila akipandisha alikuwa akinitazama.

"Hii paka inakula mahali," akasema.

"Daktari, nimeshakwambia."

"Nyumbani nani anabaki na yeye?"

"Mamangu. Na mamangu ana sukari mwenyewe. Anajua ubaya wake kuliko mimi na wewe."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikaondoka nimekasirika, na kwa kuwa hasira lazima ipate mwenyewe, nikaipeleka moja kwa moja kwa jirani.

Jirani yetu ni mama mzee, tunashirikiana ukuta mmoja, asubuhi hupika mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai. Harufu ya jiko lake peke yake yaweza kumpandisha mtu sukari. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeukunja hivyo? Salama?"

"Salama. Nimekuja kukuomba usimpe paka wetu chakula."

Aliweka mwiko chini. "Mimi? Paka wenu mimi simjui. Hupita hapo ukutani asubuhi kama sultani, hata kunitazama hanitazami."

"Mbona basi sukari yake yapanda?"

"Kamuulize akaaye naye."

"Akaaye naye ni mamangu."

"Haya," akasema, na akauokota mwiko. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nenda salama, mwanangu, mafuta yangu yaungua."

Nikaona amenitukana, mimi na mzazi wangu. Wiki nzima sikununua mahamri yake, adhabu ambayo niliitumikia peke yangu, maana yeye aliuza yote kama kawaida. Wengine niliwaendea mlango kwa mlango. Wote waliapa. Mmoja alinikumbusha kwa upole habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, na akaniuliza kama nimelifikiria hilo. Niliandika karatasi, NAUMWA, NISIPEWE CHAKULA, nikaifunga shingoni mwa paka kwa uzi. Alirudi magharibi bila karatasi. Nadhani aliila.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Niliamua kumfungia ndani. Nilipigilia wavu dirisha la jikoni, nikafunga mlango wa uani, nikaweka sanduku la mchanga, na kila asubuhi nilimwacha ndani ya nyumba na mamangu, wawili peke yao, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Nilimkabidhi mamangu ulinzi.

"Usimwache atoke, mama. Akila kitu atakufa."

"Sikia," mamangu akamwambia paka. "Wafungwa sasa tuko wawili."

Jioni ile nilipima mara mbili kwa sababu sikuamini macho yangu. Ishirini na saba.

Kwa siku nne nilitafuta tundu. Nilikagua wavu, nikachungulia nyuma ya friji, nikainua magodoro. Nilifikiri labda anakula panya, nikaanza kujiuliza panya wa Malindi siku hizi wana wanga kiasi gani. Mamangu alinitazama nikitambaa sakafuni na hakusema neno, wala kwa paka. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi kiasi kwamba sikuona vitu vingine. Kwamba alikuwa akiamka kabla ya alfajiri na kugusagusa sufuria jikoni. Nilidhani ni mtu anayeswali usiku akasikia kiu. Kwamba gauni lake lilikuwa limemlegea mabegani. Niliviona, lakini sikuviandika, na katika daftari langu kisichoandikwa hakikuwapo.

Jumatano moja, ndani ya Shaabani, nilifunga duka adhuhuri nikarudi nyumbani kwa nyuma, nimevua viatu, naingia kwa kunyata nyumbani kwangu mwenyewe kama mwizi wa kuku. Nilitaka kumfuma huyo mtu niliyeshuku anampitishia chakula dirishani. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni.

Mamangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Sahani yake ilikuwa mbele yake, ile niliyomwachia. Alikuwa anachambua samaki, anatoa miiba mmoja mmoja, anachanganya ile nyama na wali na mchuzi kwa vidole, anafanya tonge ndogo ndogo na kumwekea paka. Paka alikula kwa adabu ambayo mimi hajawahi kunionyesha.

"Kula, baba," alikuwa akimwambia. "Kula usinibakizie, akija aione sahani nyeupe. Nane nimeshazitoa. Zimebaki kumi na moja. Allah anipe nguvu nizimalize kabla ya mwezi wa Ramadhani."

Aliye muungwana wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Rajabu na Shaabani ndiyo miezi ya kulipa funga za Ramadhani zilizompita mtu. Mamangu alikuwa amefunga. Daktari wa kliniki alimkataza kufunga tangu mwaka ule sukari ilipomlaza, na alikuwa anafunga, huku anameza vidonge vyake vya sukari juu ya tumbo tupu kwa sababu vidonge nilimhesabia mimi na ningejua vikibaki. Chakula tu ndicho kilichohitaji mahali pa kwenda, na mahali palikuwa na masharubu. Siku alizokuwa na nguvu alifunga, na paka akapanda. Siku alizoshindwa alikula mwenyewe, na paka akashuka. Daftari langu lote lilikuwa linaandika habari za mamangu, na mimi nikawa nasoma paka.

Aliinuka kuosha sahani. Alishika ukuta. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na shingo imelowa jasho, na nikasahau kwamba nimejificha.

"Mama!"

Hakushtuka. Aliniangalia kama mtu aliyechoka kungoja. "Umechelewa kujua," akasema. "Nilidhani wiki ya kwanza utajua."

Nilimkalisha. Nilichukua mashine, mashine yake mwenyewe, ambayo kwa wiki sita haikugusa kidole chake, nikambadilishia sindano, nikampima. Tatu na nukta moja. Nilikuwa nimemsikia daktari wa mifugo akinieleza kwa utulivu kuhusu namba kama hiyo. Nilikimbilia kopo la sukari, nikakoroga kwenye maji, nikamletea.

"Saa nane hii," akasema, na akageuza uso. "Zimebaki saa nne na kidogo."

"Mama, utakufa."

"Babako alikosa siku kumi na tisa, ile Ramadhani aliyougua. Akapata nafuu. Akasema nitazilipa, nitazilipa, mara homa, mara duka, mpaka akaondoka nazo. Mwaka jana mimi nilikuwa edani, sina mwili. Mwaka huu nikikaa kimya nitamwambia nini tukionana?"

"Kuna fidia. Tulishe maskini, kibaba kwa kila siku."

"Hakuniambia nilishe. Aliniambia nifunge."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mamangu na kikombe cha maji ya sukari, na nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka bado naona haya. Nilitumia ukatili kwa sababu upole ulikuwa hauna muda.

"Wewe ulikuwa mke wake," nikamwambia. "Mimi ni damu yake. Funga za mzazi hulipwa na mwana. Hizo kumi na moja ni zangu, umezichukua bila kuniuliza. Nirudishie."

Akakisukuma kikombe kwa vidole. "Wewe hufungi."

"Nitafunga."

"Utaumwa."

"Sitaumwa. Kunywa."

Alikuwa na sababu zake za kusema nitaumwa, na mimi sikutaka zisemwe. Mwishoni alikipokea kikombe, akasema bismillahi, akanywa, na machozi yakawa yanateremka ndani ya kikombe huku anakunywa. Mimi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya mazishi. Kwa wiki sita nilikuwa nimemtoboa paka sikio asubuhi na jioni, na mzazi wangu sikumuuliza hata mara moja: mama, umekula? Niliitazama sahani, nikaridhika na sahani.

Alipotulia nilimpigia daktari wa mifugo simu kuhusu ile dawa tuliyoipandisha.

"Nimejua anakokula," nikamwambia.

"Ni jirani?"

"Karibu zaidi kidogo."

Akasema dawa irudi pale ilipokuwa mwanzo, siku hiyo hiyo, la sivyo paka bila chakula cha mchana angeanguka. Sikumweleza mengine. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kumweleza aliyesomea ng'ombe. Jioni nilikwenda kwa jirani kuomba radhi, na akanisamehe haraka kuliko nilivyopenda, kwani alikuwa amejua tangu mwanzo. Alikuwa akimsikia mamangu ukutani.

Kesho yake nikaanza kufunga. Sitadanganya kwamba nilipata nuru. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, kichwa kilinigonga kwa kukosa chai mpaka nikamuuzia mtu bomba la inchi moja na nusu kwa koki ya nusu inchi, na akarudi kunitukana, na sikuweza kumrudishia tusi kwa sababu nimefunga. Siku ya tatu niligombana na mizani ya misumari. Adhuhuri nilikuwa nikirudi nyumbani kumsimamia mamangu ale. Nilikaa mkabala naye, tumbo likinguruma, nikahesabu matonge yake. Paka alikaa katikati yetu akilia kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Mamangu alikula yote mwenyewe, na baada ya kila tonge tatu alinitupia jicho.

"Wajisikiaje?" akaniuliza, mimi, si paka.

"Vizuri."

"Huumwi mahali?"

"Mahali gani?"

Akaendelea kula. Jioni nilimpima yeye kwanza, kisha paka. Yeye saba, paka kumi na moja. Saba, kumi na mbili. Sita na nusu, kumi. Niliwapa kurasa mbili tofauti, na jirani akawa ananiletea mahamri mawili ya kufungulia, akiyaweka mbali na wagonjwa wangu wote wawili.

Funga ya kumi na moja iliangukia siku ya Jumapili. Adhana ya magharibi ilipolia mamangu alinipa tende kwa mkono wake, kisha maji. Alingoja niimeze. Akainua mikono, akamwombea babangu kwa jina lake, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu msiba, akajifuta uso.

"Hadaiwi tena," akasema.

Nilikuwa nimejisikia vizuri mno, lazima nikiri. Nilijiona mwana mwema, mwana ambaye waungwana hutolea mfano. Kwa hivyo nikathubutu kumuuliza jambo lililokuwa linanikereketa siku zote hizo kumi na moja: kwa nini babangu alimwachia yeye mzigo ule, mwanamke mgonjwa, na mwanawe wa kiume yuko hai na ana nguvu zake.

"Nilimwambia akwambie wewe," mamangu akasema. "Mara tatu nilimwambia. Akakataa. Akasema, mwache, mwanangu ana vidonda vya tumbo, asije akadhurika kwa ajili yangu."

Vidonda hivyo nilivipata nikiwa na miaka ishirini na sita, mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana, ndani ya stoo ya duka, babangu aliponikuta na mkate mdomoni. Ilibidi niseme kitu. Nikasema daktari amenikataza kufunga, nina vidonda vya tumbo. Hakuniuliza daktari gani. Aliurudisha mlango wa stoo taratibu ili wateja wasinione, na tangu mwaka ule, kila Ramadhani mpaka hiyo aliyougua, yeye mwenyewe akiwa amefunga, aliniletea kikombe cha maziwa ya moto adhuhuri kwa mkono wake, akasimama mpaka niyamalize, kwa sababu alisikia kwamba maziwa hutuliza vidonda.

Sina vidonda. Sijawahi kuwa navyo hata siku moja. Mamangu alinisogezea bakuli la uji, akaniambia ninywe polepole, tumbo langu lisije likauma.